Nyumba Iliyosogea

Nyumba haina miguu, lakini nyumba ya Ofelia Tafoya ilikuwa imetembea. Vipimo vya mji wa Ojo Manso ndivyo vilivyosema hivyo. Mwezi wa Aprili ilikuwa futi mia tatu ishirini na saba kutoka mlango wa Wendell Krause, ng'ambo ya uwanja. Mwezi wa Agosti ilikuwa futi mia mbili themanini na moja. Huko bangi iliruhusiwa kuuzwa kwa leseni, na wote wawili waliiuza; lakini sheria ndogo ya mji ilikataza maduka mawili ya bangi kukaribiana kwa chini ya futi mia tatu, na Krause ndiye aliyetangulia kufungua. Ikiwa nyumba imesogea kweli, basi Ofelia ndiye wa kufunga. Baraza la mji lingekaa kuamua siku hiyohiyo, saa nane mchana, sikukuu ya mavuno au si sikukuu.

Mpelelezi Eufemia Archuleta alisimama mbele ya mlango wa buluu wa nyumba hiyo, akamtazama mpima ardhi.

"Pima tena," alisema.

"Afande, nimeshapima mara mbili asubuhi hii." Saturnino Quintana alikuwa mtu mrefu mwenye masharubu meupe, na bado alimwita afande ingawa Eufemia aliacha polisi zamani, akahamia ofisi ya leseni. "Mashine haina ubishi. Ukiiuliza mara mia, itajibu mara mia."

"Basi iulize ya tatu."

Saturnino aliegemeza kipimo chake kwenye ubao wa mlango, akaelekeza mwale mwekundu kwenye vioo vya duka la Krause, akabonyeza. Mia mbili themanini na moja. Nyuma yao wachomaji pilipili walikuwa wakizungusha mapipa yao ya wavu juu ya moto, na moshi wake mtamu uliowasha macho ulikuwa umeujaza uwanja wote.

Kutokuwa na mdomo hakukumtosha Eufemia kuiamini mashine. Alitoa futikamba ya chuma mfukoni, wakapima ukuta wa kanisa kwa kamba, kisha kwa mwale. Majibu yakalingana. Mashine ikawa imejitoa kwenye orodha ya washukiwa.

Alirudi kwenye mlango wa buluu, akachuchumaa. Ukuta wa tope ulikuwa na ufa wa miaka mingi ulioshuka kutoka darini, ukapita juu ya fremu, ukaendelea hadi chini bila kukatika. Hakuna aliyeng'oa mlango huo na kuupachika mahali pengine. Akavuka uwanja kutazama wa Krause. Sakafu ya zege, boliti zenye kutu, bawaba zenye vumbi. Nao haujahamishwa. Nyumba ziko pale pale, milango iko pale pale, mashine inasema kweli.

Alibaki mtu mmoja.

"Saturnino, Aprili ulianzia hapa hapa?"

"Afande, nyumba yenyewe inaitwa nyumba ya mlango wa buluu. Ningeanzia wapi, kwenye dohani?"

Eufemia aliliweka hilo kando. Mtu ameulizwa ndiyo au hapana, amejibu kwa swali.

"Siku hiyo ilikuwaje?"

"Ilikuwaje kivipi?"

"Jua, mvua, baridi." Hilo lilikuwa swali lake la siku zote. Mwongo hujiandaa kwa namba, hajiandai kwa hali ya hewa.

"Upepo," alisema Saturnino bila kufikiri. "Upepo wa kukera. Maua yalikuwa yakidondoka mbele ya mwale, namba zinarukaruka tu. Nikangoja utulie, ndipo nikabonyeza."

"Unajua Krause ameandika nini kuhusu wewe kwenye malalamiko yake?"

"Najua. Kwamba nimenunuliwa."

"Umenunuliwa?"

Masharubu ya Saturnino yalicheza. "Miaka thelathini napima mji huu. Hakuna aliyewahi kunipa hata senti."

Hilo alilisema akimtazama machoni. Eufemia akaliweka kando pia, upande mwingine.

Alizunguka nyumba, akainama chini ya tawi lililoelemewa na matufaha, akachuma moja, akaingia jikoni.

Ofelia Tafoya alikuwa nyuma ya meza ndefu ya bibi yake, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mbuzi mlimani. Rafu zilizowahi kubeba mitungi ya jemu sasa zilibeba mitungi ya bangi, kila mmoja na kibandiko kilichoandikwa kwa mkono. Kwenye benchi walikaa wanawake wawili wenye gunia la pilipili, pamoja na mzee Onofre, ambaye magoti yake yalijulikana mji mzima kwa jinsi alivyoyasimulia.

"Femia! Umekonda kama mshumaa. Kaa."

"Niko kazini, Ofelia."

"Kwani kazi imekukataza kukaa? Onofre, msogezee mtu wa serikali."

"Siwezi kusogea," alisema Onofre akiinua mkongojo wake. "Goti hili jana limeniambia..."

"Tunalijua goti lako. Sogea."

Eufemia alikaa, akaling'ata tufaha lake. "Mwezi wa Aprili ulimpa Saturnino nini?"

Wanawake wawili waliinua vichwa. Ofelia aliweka chini mtungi aliokuwa ameushika.

"Nilimpa alichopewa kila mtu aliyewahi kuingia jikoni hapa tangu enzi za bibi yangu. Ukitaka kunifunga kwa hilo, mfunge na marehemu."

"Nimeuliza ulimpa nini, sikuuliza kwa nini."

"Na mimi nimekujibu. Wewe ndiye mpelelezi, peleleza."

"Mlango umeuhamisha?"

"Nyumba hii ina miaka mia na hamsini. Nikigusa ukuta mmoja, kuta tatu zinadai fidia."

Mzee Onofre alicheka hadi akalikumbuka goti. Eufemia hakucheka.

"Sheria ya futi mia tatu ni ya nani, Ofelia?"

Sauti ya mwanamke ikashuka. "Yangu. Unajua ni yangu. Nilipita nyumba kwa nyumba kukusanya saini, nikaumwa na mbwa wa kila mtu. Umeona kule chini, barabara kuu? Duka la bangi, duka la bangi, duka la bangi, kama meno mdomoni. Mwoka mikate kaondoka, fundi viatu kaondoka, mwenye nyumba anataka kodi ya bangi kwa kila chumba. Nikasema hapa kwetu waachiane nafasi ya kupumulia."

"Na kama baraza likisema wewe ndiye uliyembana Krause?"

"Nitafunga leo leo." Alisema hivyo akifuta meza iliyokuwa safi. "Sitaki sheria inayowauma wengine halafu ikifika kwangu inanilamba. Nitaifunga nyumba kwa kufuli, nirudi Albuquerque nikakae kwenye kochi la mwanangu. Lakini usiniombe nikubali nyumba ya bibi imetembea. Bibi hakupenda hata kwenda sokoni."

Eufemia aliondoka na tufaha lake mkononi.

Duka la Krause lilikuwa na ubaridi wa kuhifadhia samaki. Kila kitu kilikuwa cheupe: kuta, makabati, meza, na taa zilizofichwa mahali fulani. Mteja hakuwepo hata mmoja. Mwenye duka alikuwa mtu mkubwa aliyechomwa na jua, aliyekuwa akiuza mabwawa ya kuogelea huko Texas kabla ya kuhamia Ojo Manso, na alivaa kofia yake pana hata akiwa ndani.

"Mama Archuleta, mimi si mgomvi," alisema. "Sikuja hapa kugombana na mtu. Nilisoma sheria, nikaipenda, nikasema huu ndio mji wenye utaratibu. Sasa mbona utaratibu unanihusu mimi peke yangu?"

"Ulimshuhudia Saturnino akipima mwezi wa Agosti?"

"Nilisimama ubavuni kwake. Nilimwambia, anzia mlangoni. Akaanzia mlangoni. Siku ile ya Aprili nilikuwa nimerudi Texas kufunga mizigo iliyobaki. Niambie, namba gani unaiamini, ile iliyopimwa mtu akitazama au ile iliyopimwa bila mtu kutazama?"

Lilikuwa swali zuri, na Eufemia aliliandika kwenye daftari.

"Unasema Ofelia ana wateja wanaotumia mlango wa buluu."

"Sisemi tu. Ninayo picha." Krause alitoa simu, akamwonyesha picha kutoka kamera yake ya ulinzi. Mlango wa buluu ulikuwa wazi, na umati ulikuwa ukimiminika kutoka ndani hadi uwanjani. "Mimi nimekaa hapa, hata nzi haingii. Yeye anatoa watu kama treni. Hiyo nayo si kujaziana?"

Eufemia aliikuza picha kwa vidole viwili. Mwanamume wa mbele alikuwa ameshika kofia mkononi. Wa nyuma yake pia. Na mmoja, karibu na kizingiti, alikuwa amewapa kisogo wenzake wa uwanjani.

"Huyu anatoka dukani kinyumenyume," alisema.

"Pengine amelewa."

"Pengine. Ilikuwa tarehe ngapi?"

"Ishirini na sita Julai. Nakumbuka kwa sababu siku hiyo sikuuza kitu kabisa."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, Eufemia Archuleta alitabasamu. Kabla hajajibu, kishindo kilisikika kutoka nyuma ya duka. Ngo, ngo, ngo. Kikanyamaza. Kisha tena, ngo, ngo, ngo.

"Watoto," alisema Krause bila kugeuka. "Kila siku. Wanagonga mlango wa stoo halafu wanakimbia. Nimeweka kibao kikubwa cha kukataza, hawasikii."

"Umewahi kuwaona?"

"Nikifika hakuna mtu."

Eufemia aliaga, akapita njia ya nyuma. Mlango wa stoo ulitazama mtoni. Kibao chekundu kilipigiliwa kifuani mwake, na chini yake vumbi laini lilikuwa limekanyagwa sana. Alisimama akisoma ardhi kama wengine wanavyosoma gazeti: visigino vya wanawake, buti za shambani, na pembeni ya kila hatua ya mtu mmoja, tundu dogo la duara.

Alipiga mluzi mfupi, akaenda zake.

Alivuka uwanja akiwa na kokwa la tufaha mkononi, akitafuta pa kulitupa. Hakutaka kulitupa mbele ya kanisa. Alizunguka nyumba ya Ofelia kuelekea pipa la takataka la uani, na tawi lilelile la asubuhi likamvua kofia.

Eufemia hakuiokota. Aliinua macho.

Mbele, kwenye mlango wa buluu, hapakuwa na mti. Uwanja mzima ulikuwa na mierebi miwili tu, na yote iko upande wa kanisa. Mtufaha ulikuwa huu mmoja, huku ubavuni, ukifunika mlango wa jikoni. Sasa ulikuwa mwekundu kwa matunda. Mwezi wa Aprili ungekuwa mweupe kwa maua.

Alisimama kwenye kizingiti cha jikoni, akageuka. Kupitia uchochoro kati ya nyumba na ukuta wa uani, vioo vya duka la Krause vilimeta ng'ambo.

Alimkuta Saturnino kwenye mapipa ya pilipili, ameviringisha pilipili ya moto ndani ya chapati, machozi yakimtoka kwa raha.

"Maliza kwanza kutafuna," Eufemia alimwambia. "Kisha uniambie maua yalidondoka kutoka mti gani."

Saturnino aliacha kutafuna. Alimeza.

"Afande..."

"Aprili ulipimia jikoni."

"Ndiyo."

"Na Agosti ukapimia mbele."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Aprili nilikuwa peke yangu!" Alitazama pembeni, akateremsha sauti. "Peke yangu naenda ninakokwenda siku zote. Tangu nijue kutembea naingilia pale. Nilifika, nikabisha hodi, nikapima. Sikuwaza. Lakini Agosti yule bwana amesimama kando yangu na kofia yake, ananiambia anzia mlangoni. Mbele ya mgeni utaanzia jikoni? Mama yangu angefufuka anizabe kofi. Mgeni unampitisha mbele. Nami sikuwaza tena. Nilipoziona namba ndipo nikashtuka."

"Na leo asubuhi ukashindwa kusema?"

"Ningesemaje? Aprili kulikuwa na sahani."

"Sahani gani?"

"Maandazi. Ya asali. Yametoka kwenye mafuta sasa hivi." Mwanamume mzima alikuwa amekuwa mwekundu kuliko pilipili yake. "Nilishika kipimo kwa mkono mmoja na andazi kwa mkono mwingine. Krause akisikia hilo atasema nilinunuliwa kwa unga. Na baraza litamwamini, maana wote wanayajua maandazi ya Ofelia."

Eufemia alijikuna shingo. Sheria aliijua kwa moyo: mstari mnyoofu, kutoka mlango ambao wateja huingilia kwa kawaida. Haikusema mlango wa mbele. Haikusema mlango mzuri. Na yeye mwenyewe, mtoto wa mji huu, alikuwa amepoteza nusu ya asubuhi akipekua kizingiti ambacho hakuwahi kukivuka.

"Krause atasema sisi wenyeji tunalindana," alisema. "Atasema jikoni ni hadithi tuliyoitunga leo. Na ana picha."

"Basi tumekwisha."

"Hapana. Futa masharubu, uchukue mashine yako. Mbele ya baraza usiseme neno mpaka nikuambie."

Ukumbi wa baraza ulikuwa na joto, na bendi ya sikukuu ilikuwa ikipiga tarumbeta chini ya madirisha. Meya Belarmina Gurulé, mwanamke mfupi aliyegonga meza kwa nyundo yake kama anapondaponda vitunguu saumu, alimpa Krause nafasi ya kwanza. Krause alizungumza vizuri, bila matusi. Alitaja namba mbili. Alionyesha picha. Madiwani wanne walikunja nyuso, wakaitazama, na mmoja wao akafungua mdomo kutaka kusema kitu.

"Naomba mheshimiwa asiseme," Eufemia aliingilia haraka. "Naomba mtu yeyote asiseme kitu kuhusu picha hiyo kwa sasa."

"Mpelelezi," alisema Meya, "una ripoti au huna?"

"Ninayo, Mheshimiwa. Lakini inatembea. Naomba baraza liahirishe kwa muda mfupi, twende sote tukaingie dukani kwa Ofelia Tafoya, tuone wenyewe. Tukishaingia, nitasema."

"Tumeliona mara mia."

"Bwana Krause hajaliona hata mara moja."

Meya alimtazama Krause. Krause akaondoa macho. Nyundo ikashuka.

Wakatoka. Bendi ikadhani wametoka kwa ajili yake, ikaongeza nguvu. Meya alitangulia na diwani mmoja wakibishana kuhusu mvua, wengine wakifuata, mmoja akipungia watu mkono, mwingine ameshanunua pilipili njiani. Ofelia alikuwa ametangulia kwa njia ya mkato, kwa sababu ameacha kitu kwenye moto. Krause alitembea katikati yao, simu yenye picha mkononi. Eufemia na Saturnino walibaki nyuma kabisa.

Mlango wa buluu ulikuwa mbele yao, umenyooka nao, unang'aa. Hatua chache kabla ya kuufikia, Meya Gurulé alipinda kushoto. Hakuutazama hata. Aliendelea kubishana kuhusu mvua. Diwani wake akapinda naye, wa pili akawafuata, wa tatu, na wa nne akiwa bado anapungia watu mkono, kama maji yanavyofuata mfereji. Wakainama mmoja baada ya mwingine chini ya tawi la mtufaha, wakapotelea jikoni.

Wendell Krause alikuwa amebaki peke yake. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha, kama mtu mwenye adabu zake, alipiga hatua hadi kwenye mlango wa buluu, akagonga.

Ndani ya nyumba kiti kikaburuzwa. Halafu sauti ya kuita mbuzi ikapasuka kutoka jikoni:

"Nani anagonga mbele? Yesu na Maria! Nani amekufa?"

Uwanja mzima ulisikia. Mchomaji pilipili mmoja aliacha kuzungusha pipa lake ili acheke vizuri.

Eufemia alimshika Krause kiwiko, akamzungusha nyumba, akamwinamisha chini ya tawi. Jikoni, madiwani walikuwa wameshakaa. Meya alikuwa na andazi nusu ya njia kuelekea mdomoni.

"Mheshimiwa Meya," alisema Eufemia, "umeingilia wapi?"

"Mlangoni. Swali gani hilo?"

"Mlango upi?"

Meya alifungua mdomo. Alitazama andazi. Alitazama mlango wa jikoni uliokuwa wazi nyuma ya Krause. Asali ikamdondokea kidole.

"Hakuna aliyewaongoza," Eufemia aliendelea. "Hakuna aliyewaambia mgeuke. Watu watano, mnakuja kukagua duka, mlango uko mbele ya pua zenu, mkaupita kama ukuta. Sheria inasema mlango ambao wateja huingilia kwa kawaida. Bwana Krause, umeona kawaida?"

"Nimeona," alisema Krause polepole. "Lakini picha? Watu wale wote?"

"Njoo."

Alimpeleka chumba cha mbele, na baraza zima likafuata likitafuna. Chumba kilikuwa na kiza cha kupendeza. Kwa ndani, mlango wa buluu ulikuwa umezibwa na meza nzito yenye kitambaa cha lasi, na juu ya meza, katikati ya mishumaa na maua ya karatasi, ilisimama sanamu ndogo ya mbao ya mama, iliyopakwa rangi, mkono mmoja ukiwa juu ya kichwa cha msichana.

"Mtakatifu Ana," alisema Eufemia. "Sikukuu yake ni ishirini na sita Julai. Familia hii ndiyo inayomtunza, na siku hiyo anatolewa kwa maandamano. Ndiyo maana watu wamevua kofia. Ndiyo maana mmoja anatembea kinyumenyume: yeye ndiye aliyeshika machela ya sanamu upande wa mbele, na mtakatifu hapewi kisogo. Mlango huo hufunguliwa kwa mtakatifu, kwa bibi harusi na kwa jeneza. Mteja wako ndiye huyo, Bwana Krause. Hutoka mara moja kwa mwaka, na hanunui kitu."

Mtu mmoja akaanza kucheka kwa pua. Ilikuwa sauti nzito, ya kujizuia, na wote wakageuka. Alikuwa Krause mwenyewe. Kofia yake ilikuwa imebaki kwenye mtufaha, na bila kofia alionekana kijana zaidi.

"Nimemshitaki mtakatifu," alisema.

"Kwa kujaza watu," alisema Ofelia. "Hata yeye atafurahi. Miaka mingi padri analalamika hawajai."

Saturnino alipima kutoka kizingiti cha jikoni, Krause akiwa ubavuni kwake na Meya akiwa ubavuni mwingine. Mia tatu ishirini na saba. Ofelia aliisoma namba mwenyewe, mara mbili, kisha akakaa kwenye benchi ghafla kama aliyekatwa kamba, akajifunika uso kwa aproni. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Wanawake wakamzunguka, lakini alipoishusha aproni alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na hakuna aliyejua aanze kubembeleza kipi.

"Leseni inabaki," alisema Meya, akigonga meza kwa kijiko, kwa kuwa nyundo aliiacha ukumbini. "Quintana!"

"Mheshimiwa."

"Ulifika hapa Aprili ukala?"

"Sita, Mheshimiwa."

"Kuanzia leo unapima kabla ya kula. Na ukiulizwa na mpelelezi, unajibu ulichoulizwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa. Naomba kuuliza, sasa nimeshapima?"

Ofelia alimsogezea sahani.

Krause alikuwa bado amesimama karibu na mlango, mikono mifukoni. "Nafurahi," alisema, na ilionekana kweli. "Lakini kwangu hakuna aliyewahi kuja. Iwe mbele, iwe wapi. Nilidhani ni kwa sababu tumekaribiana. Kumbe hawanitaki tu."

"Hodi zinapigwa kwako kila siku," alisema Eufemia.

"Hao ni watoto."

"Watoto wa Ojo Manso hawatembelei mikongojo." Akageukia benchi. "Mzee Onofre, ulikuwa wapi leo baada ya mimi kutoka hapa?"

Mzee Onofre aliinua mkongojo wake juu, kwa hasira iliyokuwa imengoja siku yake. "Kwake! Niko mlangoni kwake tangu Pasaka! Nagonga, nagonga, mtu hafungui! Ofelia hana ile dawa ya kupaka goti, yeye anayo, nimeiona kupitia kioo. Nazunguka nyuma kama mtu mwenye malezi, nakuta kibao kinanitukana!"

"Na mimi," alisema mwanamke wa gunia la pilipili. "Mara mbili. Nikajua wa Texas wana maringo."

Krause alitoa mikono mifukoni. Halafu akatazama dirishani, kuelekea ng'ambo ya uwanja, kwenye vioo vyake vyote vile vilivyosafishwa kila asubuhi.

"Ukiufungua mlango huo wa stoo," Eufemia alimwambia, "wateja watautumia kwa kawaida, na kipimo kitaanzia hapo. Lazima tupime upya."

"Nitakuwa nimemkaribia?"

Saturnino, mdomo umejaa, alitikisa kichwa. "Unatazama mtoni. Mtazidi kuachana."

Wakavuka uwanja tena, safari hii wengi zaidi, bendi ikiwafuata kwa kuwa sasa ilikuwa imewazoea. Krause alipitia ndani ya duka lake. Walio nje, nyuma, walimsikia akisukuma maboksi ya stoo, akigonga kitu kwa mguu, akilaani kwa Kitexas. Mzee Onofre alikuwa amejipanga wa kwanza, ametengeneza kola ya shati. Saturnino aliegemeza kipimo ukutani, akangoja. Ofelia alikuwa ameleta sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, kwa sababu huendi nyumba ya mtu mikono mitupu.

Mzee Onofre akagonga kwa mkongojo. Ngo, ngo, ngo.

"Hodi!"

Komeo likalia, mlango ukafunguka, kibao chekundu kikadondoka vumbini. Wendell Krause alisimama kizingitini amejaa utando wa buibui nywelani, akiitazama ile foleni.

Eufemia alimnong'oneza neno kutoka pembeni.

"Karibu," alisema Krause. Kisha kwa sauti, kama mtu aliyeshika ufunguo unaofaa: "Karibuni! Karibuni wote!"